Nukta ya Nne

Mkanda wa kiti ulitoka mkononi mwangu pamoja na bolti yake, pete yake ya washa, na duara la bati lenye upana wa kisosi. Sikuuvuta kwa nguvu. Niliuvuta kama mtu anavyovuta pazia asubuhi. Gari lilikuwa limesimama uani kwetu, injini imezimwa, milango ya nyuma iko wazi, na mwenye gari amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai ambacho baada ya hapo hakukinywa tena.

Gari lile lilibeba watoto kumi na watatu kila siku ya shule. Kiti ambacho mkanda wake nilikuwa nimeushika kilikuwa cha watoto watatu wa darasa la kwanza. Na sakafu ile tuliitengeneza sisi wenyewe, katika ua ule ule, miaka miwili na nusu kabla.

Gereji yetu iko upande wa Point, mtaa wa karibu na bahari, nyuma ya jengo la zamani ambalo ghorofa zake za juu zimegawanywa vyumba vya kupanga. Ua una nafasi ya magari manne, matano kama mwenye gari la mwisho hana haraka. Bahari haionekani kutoka pale, lakini ukisahau nyundo nje siku ya Ijumaa, Jumatatu unaikuta na vumbi la rangi ya chungwa. Tuko watatu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu ni msasa, puti na rangi. Mwenye gereji anatoka Lubumbashi. Kila mtu anamwita Mzee, ingawa hajafika sitini, kwa sababu anakunja bati kwa jicho tu, bila kipimo, na likiwekwa mahali pake linakaa. Wa tatu ni mchomeleaji, Mzulu aliyezaliwa hapa hapa mjini. Kiswahili chake amejifunza kwa Mzee, kwa hiyo anaongea Kiswahili cha Lubumbashi chenye lafudhi ya Kizulu, na tangu siku yangu ya kwanza amekuwa akinisahihisha mimi.

"Weye unasema kama redio," aliniambia siku hiyo. "Hapa tunasema *iko*. Iko muzuri, iko mubaya. Basi."

Mzee alikuwa na desturi mbili alizokuja nazo kutoka kwao. Ya kwanza ilikuwa alama. Kila alipomaliza kazi ya bati, alichukua msumari mnene uliochongwa ncha na nyundo ndogo, akapiga nukta tatu mahali pasipoonekana: ndani ya mlango, chini ya boneti, au chini ya kiti cha nyuma. Fundi aliyemfundisha Lubumbashi alipiga mbili. Yeye akaongeza moja ili watu wasizichanganye. Nilimuuliza za nini.

"Mtu akirudi na gari, tusibishane," alisema. "Nukta ziko, kazi ni yangu. Haziko, akatafute aliyemfanyia."

Desturi ya pili ilikuwa sakafu za alumini. Magari ya abiria ya hapa huoza kuanzia chini. Sakafu ni bati la chuma, maji huingia chini ya zulia, zulia halikauki, na siku moja dereva anaona lami kati ya miguu yake. Gereji nyingine hukata palipooza na kuchomelea kiraka cha chuma. Mzee alikuwa na njia yake. Alinunua kwenye uwanja wa vyuma chakavu mabamba ya alumini yenye michirizi, yale yanayotoka kwenye bodi za malori ya zamani. Aliyakata, akayalaza juu ya sakafu yote ya zamani, akayabana kwa ribiti za chuma, kisha akafunga viti na mikanda kwa bolti zilizopita kwenye alumini na bati la chini kwa pamoja.

Ilipendeza sana. Sakafu iling'aa kama meza ya hoteli. Madereva Wakongo wa magari ya shule waliipenda kuliko wote, kwa sababu wazazi huchungulia ndani kabla ya kumkabidhi mtu mtoto. Dereva mmoja alisema sasa anaweza kuingia garini kwake na viatu vya kanisani. Mzee alisema jambo moja kwa kila mteja, na jambo lenyewe lilikuwa kweli: alumini haishiki kutu.

Nami nilikuwa na sehemu yangu. Mzee akishabana, mimi nilisugua kingo, nikapaka praima, nikapaka rangi ya kijivu kwenye mstari ambapo alumini inakutana na ukuta wa gari. Mstari wangu ulinyooka, na nilijivunia kunyooka kwake. Nilipaka kila mahali ambapo jicho lingefika. Katikati, pale alumini ilipolala juu ya chuma, hapakuwa na kitu, wala hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba panahitaji kitu.

Mwenye gari niliyemtaja ni mwanamke wa Bukavu. Kwao alikuwa nesi. Hapa vyeti vyake havikukubaliwa, akajifunza kuendesha. Watoto anaowabeba wanamwita tantine, yaani shangazi kwa mazoea ya Wakongo, na sisi gereji tukamwita hivyo hivyo. Anawachukua Point na Berea, mtaa wa juu kilimani, anawashusha kwenye shule mbili za Morningside, na mchana anawarudisha. Miezi ya joto, kila Ijumaa, watoto wa shule moja hupelekwa ufukweni kujifunza kuogelea, na yeye huwachukua huko huko. Wanaingia garini wamelowa, nguo za kuogelea zinachuruzika, mchanga mpaka masikioni. Jumamosi anafagia, anapiga maji, anafungua milango gari likauke. Juu linakauka.

Jumamosi ile alikuja kwa sababu mtoto mmoja alikuwa amemwambia mkanda wake unacheza. Alidhani bolti imelegea. Nikaingia ndani na spana, na kabla sijaiweka spana nikavuta kidogo kuona unacheza kiasi gani.

"Iko nini hiyo?" aliuliza.

Niliuweka mkanda juu ya gazeti, chini. Kulizunguka lile tundu alumini ilikuwa imevimba na kupasuka, na kwenye mipasuko mlikuwa na unga mweupe wenye unyevu, kama unga wa muhogo uliopigwa na mvua. Bolti yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa na kutu juu juu tu. Kilicholiwa ni kile kisichoshika kutu.

Nilimwita Mzee. Aliigeuza bolti mara mbili, akapiga magoti mlangoni, akaangalia tundu. Kando yake, umbali wa vidole vinne, nukta zake tatu zilikuwa safi kabisa. Aliziangalia hizo kwa muda mrefu kuliko tundu.

"Gari imegongwa?" aliuliza.

"Na nani, Mzee? Mwenye kuendesha ni miye."

"Ulibeba mizigo mizito."

"Nabeba batoto. Wa kiti hiki, mmoja hafiki kilo ishirini."

"Basi ulimwaga maji ya betri."

Tantine aliweka kikombe chake juu ya pipa. "Mzee, miye nilikuwa nesi miaka kumi na moja. Mgonjwa akija na kidonda, sikuwa namuuliza kama amejikata mwenyewe."

Mchomeleaji alikuwa ameshajipenyeza chini ya gari na tochi. Tulisikia akigonga kwa bisibisi, mara mbili sauti ya chuma, mara ya tatu sauti ya kitu kingine.

"Baba," alisema kutoka chini, "huku bati iko biskuti."

Tantine alimgeukia Mzee. "Jumatatu batoto wanaenda shule. Siwaweki humu. Na hao wengine, wenye sakafu kama hii, nao nani atawaambia?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Mzee aliingia ofisini, yaani kwenye kontena, bila kulijibu. Tantine aliacha gari. Kuanzia wiki ile dereva mwenzake aliwabeba watoto wake kwa safari mbili asubuhi na mbili mchana, na wengine walichelewa somo la hesabu.

Tulifungua sakafu yote Jumatatu. Ribiti zilitoka kwa kidole. Chini ya bamba tulikuta mchanga wa ufukweni umejipanga katika mistari, sawasawa na michirizi ya alumini, na bado una unyevu. Mahali ambapo bamba halikugusa chuma, kwenye mabonde ya sakafu ya zamani, alumini ilikuwa safi. Pale lilipogusa ilikuwa imeliwa, na kila penye ribiti palikuwa na duara jeupe.

Nilikuwa nimeona maduara yale zamani sana. Mama yangu alichemsha mihogo ya kuuza, nyumbani Tanga, katika sufuria kubwa ya alumini yenye masikio yaliyobanwa kwa ribiti za chuma. Maji yalikuwa na chumvi. Sufuria ile haikutoboka chini kwenye moto. Ilitoboka ubavuni, kuzunguka ribiti, na kabla ya kutoboka ilitoa unga mweupe ambao mama aliukwangua kwa kijiko, akidhani ni chumvi imeganda. Niliiona kila siku nikiwa mtoto, na nilikaa miaka mitano nikipaka sakafu za alumini karibu na bahari bila kuikumbuka.

Nilimwambia Mzee habari za sufuria. Alisikiliza huku akipanga spana zake.

"Katibu," alisema, kwa sababu ndivyo anavyoniita, "miye nimefunga alumini Lubumbashi. Iko gari kule ina miaka kumi na mbili. Nilipigiwa simu mwaka jana, mwenyewe ananishukuru. Sasa weye unaniletea sufuria."

"Lubumbashi hakuna bahari, Mzee."

"Mvua iko. Maji ni maji."

Ananiita katibu kwa sababu ninaandika. Tangu nilipoanza kazi pale, kila gari likimalizika ninapiga picha mbili za simu, moja ya mbele na moja ya kazi yenyewe, na ninaandika kwenye daftari siku na jina la rangi. Hakuna aliyenituma. Siku tuliyouona ule mkanda, nilipofika chumbani kwangu, nilizipitia picha zote. Sakafu za alumini zilikuwa kumi na moja, pamoja na ya Tantine. Nilihesabu tena kesho yake. Hesabu haikubadilika, na sikuitaja kwa mtu.

Badala yake nilifanya jaribio. Nilichukua makopo manne ya siagi, nikakata vipande vya alumini kutoka bamba la Tantine na vipande vya bati la chuma. Kopo la kwanza: alumini juu ya chuma, vitupu bila rangi, vimefungwa kwa bolti, ndani ya maji ya bahari niliyoyachota kwa chupa. La pili: mpira wa tairi la ndani katikati, bolti ile ile. La tatu: vipande vyote viwili nilivipaka praima na rangi pande zote kabla ya kuviunganisha, nikaweka mpira katikati, nikaivika bolti kipande cha bomba la plastiki na washa za plastiki, nikaziba kingo kwa gundi ya maungio. La nne lilikuwa kama la kwanza, vitupu kwa vitupu, ila ndani ya maji ya bomba. Kwenye kifuniko chake niliandika *Lubumbashi*. Niliyapanga yote dirishani mwa kontena.

Mzee alipita hapo kila asubuhi akiangalia upande mwingine. Mchomeleaji alimwona mara mbili akirudi kuangalia.

Siku ya tatu, kopo la kwanza lilikuwa na ukungu mweupe kuzunguka bolti. Siku ya sita ukungu ulikuwa umekuwa uji. La pili lilinishangaza. Mpira ulizuia vipande visigusane, lakini bolti ilipita katikati ikavigusa vyote viwili, na tundu la bolti likaanza kuwa jeupe kama la kwanza. La tatu halikuwa na kitu. Kopo la Lubumbashi lilikuwa na kutu kidogo kwenye chuma, na alumini yake iling'aa.

Siku ya nane Mzee alichukua kopo la kwanza, akamwaga maji, akakwangua kwa ukucha. Akachukua la nne, akakwangua pia. Alisimama na makopo mawili mikononi kama mtu anayelinganisha uzito wake. Kisha akaketi juu ya ngazi ya kontena.

"Lubumbashi hakuna bahari," alisema.

Nilitoa simu yenye picha.

"Ziko ngapi?"

"Kumi na moja, pamoja na ya Tantine."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Jumamosi ile."

"Na ulinyamaza."

"Ulisema alimwaga maji ya betri."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani. Mchomeleaji alizima mashine yake, akavua miwani. "Eish," alisema. "Kumi na moja, na zote ziko barabarani."

Alisema kweli. Siku zile nane nilizokuwa nikiangalia makopo, magari kumi yaliendelea kupanda na kushuka Berea na watu ndani. Hesabu niliijua tangu jioni ya kwanza. Nilitaka Mzee aamini kwanza, ndiyo maana nikasubiri, na sijapata sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Jumapili iliyofuata Mzee alienda kanisani na suti yake ya rangi ya maziwa. Kanisa lao ni ukumbi wa ghorofa ya kwanza, si mbali na gereji. Mimi ni Mwislamu, lakini aliniomba niende na simu yenye picha, nikasimama mlangoni. Wakati wa matangazo ulipofika, baada ya habari ya harusi moja na ya mtu aliyepoteza funguo, akanyanyua mkono.

"Ndugu zangu," alisema, "miye nimefanya kosa. Nilifunga alumini juu ya chuma, kama kwetu. Hapa chumvi inaingia katikati, zinakulana. Mwenye gari yenye sakafu ya kung'aa, aangalie chini ya kiti cha nyuma. Akiona nukta tatu, ni miye. Asibebe mtu kwenye kiti hicho. Ailete, nitafanya upya, bure."

Kisha sauti ya mwanaume ikatoka nyuma. "Mzee, na mlango wangu je? Nao una nukta tatu."

"Mlango wako ni chuma kwa chuma. Ukioza, ni weye unaupiga teke."

Watu walicheka, na mkewe mwenye mlango ndiye aliyecheka zaidi. Mama mmoja mzee kwenye benchi lililo karibu nami alimwambia jirani yake, bila kushusha sauti, kwamba bora amesema yeye kabla hajasemwa. Mzee alisikia. Aliketi, akajifuta uso kwa leso, na hakuangalia nyuma mpaka wimbo wa mwisho.

Magari sita yalipatikana kwa tangazo lile. Mawili ni ya Watanzania, niliowapata mwenyewe baada ya sala ya Ijumaa. Moja lilipatikana kwenye kundi la simu la madereva wa magari ya shule, ambako Tantine aliweka picha ya tundu lake na maneno manne tu: *Angalieni chini ya kiti.* Pamoja na la kwake, yakawa kumi.

Tuliyafungua moja baada ya jingine. Saba kati ya hayo tisa yalikuwa na unga mweupe chini ya bamba, matatu yakiwa mabaya karibu kama la Tantine. Mawili yalikuwa makavu. Wenye hayo mawili wote hubeba nguo za sokoni, hakuna anayeingia amelowa, na moja linalala ndani ya banda huko juu Berea. Niliandika hilo kwenye daftari pia, maana kama tungeanza na hayo mawili, Mzee angekuwa na haki ya kutuambia twende zetu na sufuria yetu.

Kazi sasa tunaifanya kwa utaratibu mwingine. Mahali pa mkanda hapawekwi alumini kabisa. Bati lililooza linakatwa, linachomelewa chuma kipya, na chuma kinapata praima yenye zinki kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye gari akitaka sakafu ya kung'aa kwenye njia ya katikati, tunampa, lakini alumini na chuma hupakwa rangi kila kimoja peke yake, mbele na nyuma, siku moja kabla ya kukutana. Katikati unakaa mpira. Kila bolti inavaa plastiki. Kingo zinazibwa, na sehemu ya chini kabisa tunaacha tundu la maji kutoka, kisha mle ndani tusimofika tunapuliza nta. Kazi yangu sasa inaanza kabla ya ya Mzee, jambo ambalo halikuwahi kutokea gereji pale, na wiki za kwanza alikuwa akisimama mlangoni na nyundo mkononi akiuliza kama rangi ya mheshimiwa imekauka.

Gari likimalizika anapiga nukta ya nne. Nukta tatu ni kazi ya zamani. Nne ni kazi iliyorudiwa.

Gari la Tantine lilikuwa la kwanza kupata ya nne. Alipokuja kulichukua hakuangalia sakafu. Aliingia mpaka kiti cha nyuma, akaketi mahali pa mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakimfika kidevuni, akaushika mkanda kwa mikono miwili, akaweka miguu kwenye kiti cha mbele, akavuta. Gari zima liliyumba. Akavuta wa pili na wa tatu. Kisha akatoka akamwambia Mzee aingie.

"Miye ndiye nimeufunga," Mzee alisema.

"Ndiyo maana. Ingia. Vuta kama una hasira na mtu."

Mzee aliingia, akavuta. Mchomeleaji alimwambia *baba, vuta, usibembeleze*. Akavuta tena mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Alipotoka alikuwa akihema.

"Iko muzuri," alisema.

"Bon," alisema Tantine. "Iko sharp." Akawasha gari akaenda.

Jumanne alinitumia ujumbe. Mtoto aliyesema mkanda unacheza alikuwa ameketi, amejifunga, amejitikisa mara kadhaa, kisha akasema haichezi tena, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Limebaki la kumi na moja.

Nina picha zake mbili. Moja ni ya sakafu, ambayo haisaidii, kwa sababu sakafu zote zinafanana. Nyingine ni ya mbele: gari jeupe, lenye mstari wa buluu ubavuni niliouchora mimi, limesimama uani jua likiwa upande wa kulia. Namba ya gari haionekani. Mzee alikuwa ameipenda kazi ile, akaniambia nimpige picha pamoja nayo, akasimama mbele kabisa, mkono juu ya boneti, na mguu wake umeifunika namba kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kila ninapomwonyesha picha hiyo anairudisha haraka.

Aliyelileta alikuwa mtu wa Kalemie. Wenzake wanasema aliliuza kabla hajahamia mji mwingine, na aliyelinunua alikuwa akibeba wanafunzi wa chuo Berea. Simu ya muuzaji haipatikani. Mnunuzi hakuna anayemjua kwa jina. Tumebandika karatasi kwenye saluni mbili na duka la simu, yenye picha ya gari na maelezo kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na mchomeleaji akaongeza ya Kizulu kwa kalamu. Watu watatu wamepiga. Magari yao yote yalikuwa ya rangi nyingine.

Mzee ameshaandaa bolti zake. Ziko nane, zimevikwa plastiki, zimo ndani ya lile kopo la siagi la tatu, dirishani, pamoja na msumari wa nukta. Ninapofungua kontena asubuhi ndizo ninazoziona kwanza.

Miezi miwili iliyopita, mchana, Tantine alikuwa amesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, huko juu Berea, na watoto ndani. Upande wa pili wa makutano, gari jeupe lenye mstari wa buluu lilikuwa limesimama likipakia. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, na akaona sakafu iking'aa. Alipiga honi. Dereva alinyanyua mkono, akidhani anasalimiwa. Taa zikageuka kijani, magari ya nyuma yakaanza kumpigia honi yeye, na lile gari likapanda kuelekea Morningside.

Nilimuuliza kila kitu nilichoweza kumuuliza. Namba hakuiwahi. Dereva alivaa kofia. Kwenye kiti cha nyuma, anasema, walikuwepo watu watatu, vijana, mmoja wao ameegemeza kichwa kiooni. Nilimuuliza kama walikuwa wamefunga mikanda. Alifikiri kwa muda, kwa sababu si mtu wa kubahatisha, akasema kutoka pale alipokuwa hakuweza kuona.